Rekodi za Bendi Isiyojua Kumaliza Wimbo

Februari 2024 jarida la Billboard la Marekani lilitangaza jambo lililowafanya watu wengi wacheke kwanza, kisha ndipo waamini. Msanii mwenye albamu nyingi kuliko wote zilizowahi kuingia 40 bora za nchi hiyo hakuwa tena Elvis Presley, wala hakuwa Frank Sinatra. Wazee hao wawili walikuwa wamefungana kwa albamu 58 kila mmoja. Aliyewapita, kwa albamu ya 59, ni bendi ya California iliyovunjika mwaka 1995 baada ya kiongozi wake kufariki. Jina la bendi hiyo ni Grateful Dead, yaani Wafu Wenye Shukrani.

Ukiichambua hesabu hiyo, inachekesha zaidi. Kati ya albamu 59, albamu 41 ziliingia kwenye chati kuanzia mwaka 2012. Maana yake ni kwamba miaka 30 ya bendi kuwa hai, pamoja na miaka 16 ya ukimya iliyofuata, ilizaa 18 tu. Zilizobaki zililetwa na bendi isiyokuwapo.

Nimekuwa nikizikusanya rekodi za watu hawa kwa muda sasa, na kila nikiziweka mezani naona jambo moja. Karibu zote zilivunjwa jukwaani. Studio haikuwapenda, nao hawakuipenda. Kwa Kiswahili tunasema "kuvunja rekodi" na tunasema "kurekodi", na kwa kawaida mambo hayo mawili hayahusiani. Kwa Grateful Dead yamefungana kama ndugu mapacha: rekodi zao zimevunjwa kwa sababu kuna watu waliokaa ukumbini wakirekodi.

Ukumbi wa kwanza: duka la piza

Tarehe 5 Mei 1965, katika duka la piza la Magoo's, mji wa Menlo Park kusini mwa San Francisco, walipiga vijana waliojiita The Warlocks. Jerry Garcia, umri miaka 22, alikuwa mwalimu wa gitaa na fundi wa banjo. Bob Weir alikuwa na miaka 17. Ron McKernan, aliyeitwa Pigpen, aliimba bluzi na kupiga kinanda na harmonika. Bill Kreutzmann alikuwa kwenye dramu. Besi ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine; Phil Lesh, aliyekuwa amesomea tarumbeta na utunzi wa muziki wa kisasa, alikuja kama mtazamaji, kisha akaombwa ajiunge. Gitaa la besi alikuwa hajawahi kulipiga.

Mwisho wa mwaka ule waligundua kuwa lipo kundi jingine lenye jina lao. Wakiwa nyumbani kwa Lesh, Garcia akafungua kamusi na macho yake yakaangukia kisa cha ngano. Msafiri anakuta maiti ambayo haijazikwa kwa sababu marehemu ameacha deni. Anatoa fedha zake za mwisho, marehemu anazikwa. Mbele ya safari msafiri anaingia kwenye matatizo na mtu asiyemfahamu anamwokoa, kumbe ni roho ya yule marehemu inayolipa fadhila. Wapenzi wa ngano wanakijua kisa hiki katika nchi nyingi. Vijana wakalichukua jina.

Shule yao ya kweli ilikuwa mikesha ya mwandishi Ken Kesey, ambako watu walikunywa LSD, dawa iletayo maruweruwe, na ambayo California haikuipiga marufuku hadi Oktoba 1966. Roki ya maruweruwe, kama ninavyoiita, ilizaliwa humo. Tuache dawa yenyewe, maana habari zake zimesimuliwa kupita kiasi; kilichobaki kimuziki ni kwamba mikesha ile haikuwa na ratiba. Hakuna aliyekuja kutazama bendi peke yake. Ungeweza kupiga wimbo mmoja kwa saa nzima, ukakosea, ukapotea, ukarudi, wala hakuna ambaye angedai kiingilio chake. Tabia hiyo hawakuiacha tena.

Wimbo mrefu kuliko yote

Mwaka 1968 walitoa santuri ndogo yenye wimbo Dark Star. Ulikuwa chini ya dakika 3, na haukununuliwa. Wangeishia hapo, leo usingejulikana na mtu.

Jukwaani wimbo huohuo ulianza kukua. Katika albamu Live/Dead ya mwaka 1969 umefika dakika 23 na kidogo. Tarehe 11 Mei 1972, mjini Rotterdam, Uholanzi, ulikwenda karibu dakika 48. Wabishi husema hiyo isihesabiwe kwa kuwa katikati waliiachia dramu nafasi, kwa hiyo ushindi wanaupeleka kwa Playing in the Band ya Seattle, tarehe 21 Mei 1974, iliyochukua kama dakika 46 bila kukatika. Mimi nipo upande wa Rotterdam, ingawa sitagombana na mtu.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Aliyewahi kusimama ukumbini DDC Mlimani Park ikiwa jukwaani, au kusikiliza sebene la Kikongo likikolea, anajua kuwa wimbo wa redioni na wimbo wa ukumbini ni watu wawili tofauti. Lakini sebene lina mdundo unaoshikilia kila kitu. Gitaa linazunguka, wachezaji wanajua mguu utakanyaga wapi. Dead waliufungua hata mdundo. Dark Star imejengwa juu ya sauti chache mno, na hilo ndilo lililowapa nafasi. Lesh hakupiga besi ya kushikilia chini, alipiga kama anayejibizana. Weir alijifunza kupangilia sauti za gitaa lake kwa kumsikiliza mpiga piano McCoy Tyner wa kundi la John Coltrane. Na kuanzia Septemba 1967, Mickey Hart alipojiunga, mara nyingi kulikuwa na wapiga dramu wawili. Matokeo yake wakati mwingine ni uzuri wa kutisha, na wakati mwingine ni dakika 10 za watu wakitafuta mlango gizani. Mashabiki wao wanazipenda zote mbili, na hapo ndipo mgeni hushindwa kuwaelewa.

Umati mkubwa

Kwenye tamasha la Woodstock, Agosti 1969, walipiga vibaya. Jukwaa lilikuwa limelowa, vyombo vikawarusha shoti, na wenyewe walikiri kwa miaka mingi kuwa waliharibu. Wao ni bendi yenye kipaji cha pekee cha kuboronga siku kubwa.

Tarehe 28 Julai 1973 walipata nafasi ya pili. Kwenye uwanja wa mbio za magari wa Watkins Glen, jimbo la New York, zilipangwa bendi tatu tu: Grateful Dead, The Band na Allman Brothers Band. Tikiti zilizouzwa zilikuwa 150,000, kwa dola 10. Waliofika wanakadiriwa kuwa 600,000. Magari yalitelekezwa barabarani, watu wakatembea kwa miguu, na uzio ukapoteza maana. Kitabu cha Guinness kikaiingiza kuwa hadhira kubwa kuliko zote kwenye tamasha la muziki wa pop. Marekani wakati ule ilikuwa na watu kama milioni 212, kwa hiyo katika kila watu 350 mmoja alikuwa pale, akitafuta pa kujisaidia.

Kilichonivutia zaidi ni namna watu wa nyuma walivyosikia. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukiweka spika nyingine mita 300 kutoka jukwaani na kuzifungulia pamoja na zile za mbele, aliye nyuma atasikia kila neno mara mbili. Mafundi wakatumia mitambo ya kuchelewesha sauti, spika za mbali zikawa zinasubiri hadi sauti ya jukwaani izifikie ndipo zitoe yao. Jambo hilo leo ni la kawaida, lakini wakati ule lilikuwa jipya.

Tena siku moja kabla, watu walipokuwa tayari wamejaa, bendi zilipanda kujaribu vyombo. Wengine walijaribu kidogo na kushuka. Dead walijaribu vyombo kwa awamu mbili kamili, na ziko sehemu za jaribio lile ambazo mashabiki wanaziweka juu ya onyesho lenyewe.

Ukuta

Hii ndiyo rekodi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ilikaribia kuwafilisi.

Owsley Stanley, aliyejulikana kwa jina la Bear, alikuwa mtengenezaji wa LSD maarufu kuliko wote na aliwahi kufungwa kwa ajili hiyo. Alikuwa pia fundi sauti mwenye wazimu wa aina yake. Swali lake lilikuwa jepesi: kwa nini bendi isikie kitu kimoja na watazamaji wasikie kingine? Kwenye maonyesho ya kawaida spika kubwa huwatazama watu, wanamuziki hubaki nyuma yake na vispika vyao vidogo, na fundi aliye katikati ya ukumbi ndiye anayeamua nani asikike. Bear na wenzake wakaamua kuhamisha kila kitu nyuma ya bendi. Spika zikapangwa juu ya jukwaa kama jengo, na kila chombo kikawa na mnara wake. Gitaa la Garcia halikuchanganywa na la Weir kwenye spika moja. Besi ya Lesh iligawanywa hadi kila uzi uwe na njia yake. Mpigaji mwenyewe ndiye aliyeshika sauti yake, na alichosikia yeye ndicho alichosikia aliyekaa kiti cha mwisho.

Tatizo lilijitokeza papo hapo. Spika zikiwa nyuma ya mwimbaji, sauti yake inarudi kwenye kipaza sauti, na unapata ule mluzi tunaoujua sote kutoka kwenye harusi na mikutano ya hadhara. Dawa waliyoivumbua ni ya kijanja. Kila mwimbaji alipewa vipaza sauti viwili vilivyofungwa pamoja, kimoja juu na kimoja chini, vikiwa vimeunganishwa kinyume. Kelele za spika ziliingia kwenye vyote viwili kwa kiasi sawa, zikafutana. Mwimbaji akaweka mdomo kwenye kimoja tu, na sauti yake ikabaki peke yake. Ukiona picha za Garcia mwaka 1974 akiimba kwenye vipaza sauti viwili, usidhani ni urembo.

Ukuta wa Sauti ulizinduliwa Machi 1974 katika ukumbi wa Cow Palace, jirani na San Francisco. Ulikuwa na spika takriban 600, umeme wa zaidi ya wati 26,000, kimo cha ghorofa tatu na uzito wa tani kama 75. Wakati huo hapakuwa na mtambo wa sauti wa kusafirishwa uliokuwa mkubwa kuliko huo. Waliousikia wanasema haukuwa na kelele bali usafi, na ungeweza kuongea na mwenzako huku unasikia kila uzi.

Sasa hesabu za mfukoni. Kuusimamisha kulichukua muda mrefu kuliko nafasi iliyopo kati ya mji na mji. Kwa hiyo ikabidi wawe na majukwaa mawili: bendi ikipiga hapa, jingine linafungwa kule mbele. Malori yakaongezeka, mafundi wakaongezeka, na yote haya yalitokea wakati mgogoro wa mafuta ulioanza mwaka 1973 umepandisha bei ya dizeli. Watu walijaa, na kila onyesho likala fedha. Oktoba 1974, baada ya usiku tano kwenye ukumbi wa Winterland, San Francisco, walisimamisha ziara. Tikiti za usiku wa mwisho ziligongwa muhuri wa kusema hilo ndilo onyesho la mwisho. Mwaka uliofuata walionekana jukwaani mara nne tu, na ziara hazikurudi hadi Juni 1976, bila Ukuta. Ulikuwa umeishi miezi saba.

Usiku bora, kwa mujibu wa serikali

Ukiwauliza mashabiki kumi onyesho lililo bora kuliko yote, utapata majibu kumi na mmoja. Lakini moja lina muhuri wa taifa: tarehe 8 Mei 1977, ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, siku ambayo theluji ilianguka ingawa ni Mei. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka rekodi ya usiku huo kwenye hazina ya sauti za kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi, katika orodha yake ya mwaka 2011. Wakati inaingizwa humo hakuna kampuni iliyokuwa imewahi kuitoa. Ilikuwa kanda iliyopita mkono hadi mkono.

Aliyeirekodi ni Betty Cantor-Jackson, fundi sauti wa bendi, mmoja wa wanawake wachache waliofanya kazi hiyo enzi zile. Baadaye maisha yalimwendea kombo, akashindwa kulipia ghala alimohifadhi vitu vyake, na mwaka 1986 vikapigwa mnada. Mashabiki wakajikuta na marundo ya kanda zake. Wakazisafisha, wakazinakili, wakazisambaza. Cornell ikawa maarufu si kwa sababu lazima ilikuwa bora, bali kwa sababu ilikuwa na sauti safi na ilifika kila mahali. Hapa huwa nagombana na watu. Wimbo Morning Dew wa usiku ule, hata hivyo, unanyamazisha ubishi wangu mwenyewe. Toleo rasmi lilikuja mwaka 2017, miaka 40 baadaye.

Na hapa ndipo tunapolipata jibu la zile albamu 59. Tangu mwanzo kulikuwa na watu waliobeba mashine zao za kurekodi hadi ukumbini. Bendi nyingine ziliwafukuza, zikakata nyaya zao. Dead waliwavumilia, na Oktoba 1984, vipaza sauti vilipokuwa vingi hadi vinawaziba wengine wasione, badala ya kuvipiga marufuku wakavitengea eneo lake nyuma ya meza ya fundi, pamoja na tikiti zake. Sharti lilikuwa moja: badilishaneni, msiuze.

Wafanyabiashara wa muziki waliona ni wazimu. Nani atanunua albamu ya bendi ambayo muziki wake unapatikana bure? Kumbe kaseti ile ndiyo iliyokuwa tangazo. Mwanafunzi mmoja alinakiliwa kaseti na mwenzake wa chumbani, akataka nyingine, kisha akataka kuwapo ukumbini. Na kwa kuwa hawakurudia mpangilio ule ule wa nyimbo, usiku wa leo ulikuwa kitu tofauti na wa jana, hivyo ulistahili kurekodiwa, na ulistahili kutafutwa. Bendi ilipiga zaidi ya mara 2,300 kati ya 1965 na 1995. Sehemu kubwa ya maonyesho hayo imo kwenye kanda.

Mwaka 1993 Dick Latvala, aliyekuwa shabiki mkusanyaji kabla ya kuajiriwa kutunza maktaba yao, akaanza kutoa maonyesho kamili kutoka ghalani. Mrithi wake David Lemieux ana mfululizo wake tangu 2012, nao ndio uliowaangusha Elvis na Sinatra. Kwa haki nitaje na upande wa pili. Siku hizi watu hawanunui diski, wanasikiliza mtandaoni. Kwa hiyo maelfu machache ya mashabiki wakinunua toleo jipya wiki ile ile linapotoka, linapanda chati kirahisi kuliko ambavyo lingepanda mwaka 1970. Rekodi ni halali. Ila Elvis naye angepata mashabiki wanaolipia kabla ya bidhaa kutoka, tungeona.

Za haraka haraka

Wimbo waliopiga mara nyingi kuliko wote, zaidi ya mara 600, si wao. Ni Me and My Uncle, utunzi wa John Phillips wa The Mamas & the Papas, kisa cha mjomba, mchezo wa karata na dhahabu.

Wimbo wao pekee kuingia 10 bora Marekani ni Touch of Grey, uliofika nafasi ya 9 mwaka 1987. Walikuwa na miaka 22 kazini, na wimbo wenyewe walikuwa wakiupiga tangu 1982.

Boksi kubwa: mwaka 2011 walitoa ziara nzima ya Ulaya ya 1972, maonyesho yote 22, diski 73. Mwaka 2015 wakajipita wenyewe kwa diski 80.

Mpiga gitaa wao maarufu alikuwa na vidole tisa na kipande. Garcia alipoteza sehemu kubwa ya kidole cha kati cha mkono wa kulia akiwa na miaka minne, kaka yake akipasua kuni naye akishikilia.

Shabiki mrefu kuliko wote alikuwa Bill Walton, bingwa wa NBA mwaka 1977 na 1986, aliyehudhuria kwa hesabu yake zaidi ya maonyesho 800. Kwenye picha za umati humtafuti.

Na kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992, timu ya mpira wa kikapu ya Lithuania, nchi iliyotoka kupata uhuru na haina fedha, ilichangiwa na bendi hii. Ilipoishinda timu ya mataifa ya iliyokuwa Sovieti na kuchukua shaba, ilipanda jukwaani imevaa fulana za rangi zilizochanganywa, zenye mifupa inayotumbukiza mpira. Sijui medali nyingine ya Olimpiki iliyovaliwa hivyo.

Kiti kibaya

Kuna rekodi ambayo hakuna anayeisherehekea, nayo ni ya kiti cha mpiga kinanda. Pigpen alifariki Machi 1973 akiwa na miaka 27. Keith Godchaux, aliyeshika piano baada yake, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1980, miaka 32. Brent Mydland akafuata Julai 1990, miaka 37, kwa dawa za kulevya. Vince Welnick, wa mwisho kwenye kinanda, alijiua mwaka 2006. Watu hupenda kulitaja jambo hili kama laana. Mimi naona pombe, heroini, huzuni na barabara.

Mwisho, mara mbili

Umaarufu wa 1987 uliwaletea watu wengi kuliko viwanja, tena wengi wasio na tikiti. Julai 1995, kwenye uwanja wa Deer Creek, Indiana, maelfu walivunja uzio na onyesho la siku iliyofuata likafutwa. Wiki moja baadaye, tarehe 9 Julai, walipiga Soldier Field, Chicago. Garcia alikuwa amechoka kupita kiasi na kisukari kilikuwa kimemla. Aliimba Black Muddy River, sauti ikiwa imekwisha, na Lesh hakutaka usiku uishie kwenye majonzi hayo. Wakaongeza Box of Rain, wimbo ambao Lesh aliutunga alipokuwa akimuuguza baba yake, maneno yakiwa ya Robert Hunter, mtunzi wa mashairi ya bendi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 9 Agosti, Garcia alifariki akiwa kwenye kituo cha matibabu, umri miaka 53.

Mwaka 2015, uwanja ule ule, wanne waliobaki waliagana na watu kwa usiku tatu, kila usiku watu zaidi ya 70,000.

Mahali pa ajabu kuliko pote

Nimeacha Misri hadi sasa kwa makusudi. Septemba 1978, kwa usiku tatu, tarehe 14 hadi 16, Grateful Dead walipiga Giza, chini ya piramidi, Sphinx akiwa jirani. Walijigharimia wenyewe. Mapato waliyaahidi kwa idara ya mambo ya kale ya Misri na shirika la hisani la Jehan Sadat, mke wa rais.

Mipango yote mikubwa ilikwama. Walitaka kuvuta waya hadi ndani ya chumba cha mfalme katika piramidi kuu ili sauti ikapate mwangwi humo na kurudi jukwaani, haikufaulu. Kreutzmann alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, akapiga dramu kwa mkono mmoja. Piano haikuwa imetengenezwa sauti. Walikuwa wamepanga kutoa albamu ili warudishe gharama. Waliposikiliza kanda, wakaziweka kabatini, na albamu ikatoka mwaka 2008. Kimuziki ni moja ya ziara zao dhaifu, na hakuna shabiki anayetaka kulisikia hilo.

Ila kuna kitu kimoja kilichofaulu. Walimwalika Hamza El Din, Mnubi wa kijiji cha Toshka, kijiji kilichomezwa na maji ya bwawa la Aswan. Chombo chake kilikuwa udi, udi ule ule unaoongoza taarabu ya Unguja, pamoja na tari, ambayo sisi tumeihifadhi hadi jina lake. Alikuja na kundi la Wanubi, wakakaa jukwaani wakipiga makofi na matari, wimbo uitwao Ollin Arageed, mdundo unaozunguka bila haraka. Usiku wa tatu mwezi ulipatwa mzima juu ya jangwa. Garcia alipanda kwanza, akaanza kuchokonoa gitaa chini ya makofi, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi. Kisha akaja mwingine, kisha mwingine. Kwa dakika kadhaa huwezi kujua ni wimbo wa nani, hadi besi ya Lesh inapoingia na kuugeuza kuwa Fire on the Mountain, huku Wanubi wakiondoka mmoja mmoja na makofi yao yakibaki nyuma.